Usimbuaji wa video kwa maunzi na kwa programu

Usimbuaji wa video ni kazi ya kufungua video iliyobanwa katika faili au katika mkondo wa intaneti na kuirudisha kuwa picha kamili zinazoweza kuonyeshwa kwenye skrini. Kompyuta na simu zinaweza kuifanya kazi hiyo kwa njia mbili. Katika usimbuaji kwa programu, hesabu zote hufanywa na prosesa kuu kwa kufuata maelekezo ya programu ya kawaida, kama vile VLC au kivinjari cha intaneti. Katika usimbuaji kwa maunzi, yaani kwa vifaa vyenyewe vya kompyuta, hesabu hizo hukabidhiwa saketi maalumu isiyojua kazi nyingine. Saketi hiyo kwa kawaida imo ndani ya chipu ya kadi ya michoro, au ndani ya chipu moja pamoja na prosesa kuu, kama ilivyo kwenye simu na kompyuta mpakato nyingi.

Njia zote mbili zikifanya kazi sawasawa, picha inayotokea huwa ileile. Tofauti huonekana kwingine: muda ambao betri inadumu, joto la kifaa, kelele ya feni, na kama video ya ukubwa wa 4K itakwenda laini au itakwamakwama. Saketi ya maunzi hutumia umeme kidogo sana lakini inajua kodeki zilizokuwepo wakati chipu yake ilipobuniwa tu. Programu inaweza kufundishwa kodeki yoyote mpya, lakini hulipia uwezo huo kwa umeme na kwa nguvu ya prosesa. Ndiyo sababu kompyuta ya zamani iliyokuwa ikicheza filamu bila shida inaweza kuanza kuhangaika bila kuharibika mahali popote: video zimebadilika, saketi yake haikubadilika.

Jina

Kusimba ni kugeuza taarifa kuwa alama za mfumo fulani, na kusimbua ni kuzirudisha zilivyokuwa. Katika Afrika ya Mashariki kifaa cha usimbuaji kinachojulikana zaidi ni king'amuzi cha televisheni. Ving'amuzi vilienea majumbani wakati wa kuhama kutoka matangazo ya analojia kwenda ya dijitali. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam, na Kenya ilifuata mwaka 2015. Ndani ya king'amuzi mna chipu ndogo inayosimbua video kwa maunzi. Prosesa yake ni dhaifu kuliko ya simu ya kawaida, lakini picha hutoka bila kukwama kwa sababu kazi nzito haifanywi na prosesa hiyo. Kadi ya michoro ya kompyuta inabeba kitu cha aina hiyohiyo ndani yake.

Kwa nini video hubanwa

Fremu moja ya video yenye upana wa pikseli 1920 na urefu wa pikseli 1080 ina pikseli 2,073,600. Kila pikseli ikiandikwa kwa biti 24 za rangi, fremu hiyo huchukua baiti 6,220,800. Kwa fremu 25 kila sekunde, video hiyo ingehitaji takriban megabaiti 155 kwa sekunde, na saa moja ingejaza karibu gigabaiti 560. Hakuna mtandao wa nyumbani wala flashi ya kawaida inayomudu mzigo huo.

Filamu ya ukubwa huohuo iliyobanwa kwa kodeki ya H.264 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde huchukua gigabaiti 2.25 tu kwa saa, yaani imepunguzwa mara 250 hivi. Punguzo hilo hupatikana kwa njia tatu kuu. Kwanza, jicho la binadamu huona vizuri zaidi tofauti za mwanga kuliko za rangi, hivyo taarifa za rangi huhifadhiwa kwa pikseli chache zaidi. Pili, fremu hugawanywa katika vipande vya mraba, na maelezo madogomadogo yasiyoonekana kirahisi hutupwa. Tatu, ambalo ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, fremu nyingi haziandikwi upya. Mtangazaji wa habari akikaa mbele ya ukuta usiosogea, ukuta huo huandikwa mara moja, na fremu zinazofuata husema tu kwamba sehemu hii ichukuliwe kutoka fremu iliyotangulia, na sehemu ile ichukuliwe pia lakini isogezwe kidogo kushoto.

Kadiri kodeki inavyobana zaidi ndivyo hesabu za kuifungua zinavyoongezeka. H.264 iliyokamilishwa mwaka 2003 hutumia vipande vya pikseli 16 kwa 16. HEVC ya mwaka 2013 huruhusu vipande vinavyofika 64 kwa 64, na AV1 ya mwaka 2018 hufika 128 kwa 128, kila kimoja kikiwa na njia nyingi zaidi za kukigawanya na kukibashiri. Kwa hiyo bando la intaneti linalookolewa na kodeki mpya hulipwa na kifaa cha mtazamaji.

Hatua za kazi yenyewe

Msimbuaji wa kodeki za kisasa hupitia hatua zinazofanana. Huanza kwa kusoma mfululizo wa biti na kutambua kila biti ina maana gani. Hatua hii ni ngumu kuliko inavyosikika, kwa sababu alama zinazotokea mara nyingi zimeandikwa kwa nafasi ndogo sana, wakati mwingine chini ya biti moja. Kisha namba zilizopatikana hukuzwa kurudi kwenye ukubwa wake wa awali na kugeuzwa kihesabu kuwa tofauti za mwanga na rangi. Baada ya hapo huja ubashiri: msimbuaji huchukua vipande kutoka fremu nyingine zilizomo kwenye kumbukumbu, au kutoka sehemu jirani ya fremu ileile, na kuvijumlisha na zile tofauti. Mwisho hupitishwa kichujio kinacholainisha mipaka ya vipande ili macho yasione miraba.

Hapo usimbuaji umekwisha, lakini picha bado haijafika kwenye skrini. Ni lazima rangi zigeuzwe kuwa nyekundu, kijani na buluu, picha ikuzwe au ipunguzwe ilingane na dirisha, na video za zamani za televisheni zilizorekodiwa kwa mistari ya kupokezana ziunganishwe. Kazi hizi huitwa uchakataji wa baadaye. Kadi za michoro huzifanya vizuri sana hata pale usimbuaji wenyewe umefanywa na prosesa kuu.

Kwa nini viini vya michoro havitoshi

Watu wengi hudhani kwamba kadi inayosimbua video hutumia nguvu ileile inayochora michezo ya kompyuta. Sivyo. Kadi ya michoro ina viini vidogo vingi, mara nyingi maelfu, vinavyofanya hesabu moja kwa pamoja juu ya pikseli nyingi. Mpangilio huo unafaa pale ambapo pikseli moja haihitaji kusubiri jibu la nyingine.

Hatua ya kwanza ya usimbuaji ni kinyume chake kabisa. Katika njia ya H.264 iitwayo CABAC, ambayo HEVC pia inaitumia, maana ya biti inayofuata hutegemea zilizotangulia, kwa sababu kila alama ikisomwa hubadilisha makisio ya alama ijayo. Maelfu ya viini hayasaidii kitu hapo. Kimoja kinafanya kazi na vingine vinasubiri. Hata ubashiri wa ndani ya fremu una foleni yake, kwa kuwa kipande hakiwezi kujengwa kabla ya jirani zake.

Watengenezaji wa chipu walitatua tatizo hilo kwa kuweka ndani ya chipu ya michoro saketi ya pembeni, iliyojitenga na viini vya michezo, ambayo kila hatua ya kodeki imechorwa moja kwa moja kwenye silikoni. Saketi hiyo haisomi maelekezo ya programu hatua kwa hatua. Biti huingia upande mmoja na fremu hutoka upande wa pili, kama nafaka katika mashine ya kusaga. Kwa kuwa haihitaji kufikiria ifanye nini, hutumia sehemu ndogo ya umeme ambao prosesa kuu ingeutumia kwa kazi hiyohiyo, na viini vya michezo vinaweza kulala au kuendelea na shughuli nyingine.

Ipo pia njia ya kati, inayoitwa usimbuaji mseto, ambapo baadhi ya hatua hufanywa na prosesa kuu na nyingine na viini vya michoro. Mara nyingi ilitumiwa kama daraja, wakati kodeki mpya imeshatoka lakini saketi yake kamili bado.

Historia

DVD zilipoingia sokoni nchini Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka uliofuata, zilitumia kodeki ya MPEG-2, na prosesa nyingi za kompyuta za nyumbani wakati huo hazikuweza kuisimbua bila kuruka fremu. Jibu la kwanza lilikuwa kadi ya ziada iliyochomekwa kwenye ubao mama kwa kazi hiyo pekee. Kati ya zilizojulikana ni Dxr2 ya Creative na Hollywood Plus ya Sigma Designs. Muda mfupi baadaye kadi za michoro zilianza kusaidia sehemu tu ya kazi. Rage 128 ya ATI, iliyotangazwa mwaka 1998, iliweza kufanya ubashiri wa mwendo na ule mgeuzo wa kihesabu wa MPEG-2, huku usomaji wa biti ukibaki kwa prosesa kuu.

Kisha prosesa kuu zikaongezeka kasi, na DVD ikawa kazi nyepesi kwa programu. Kadi za ziada zikatoweka. Kwa miaka michache ilionekana kwamba suala limekwisha, hadi ilipokuja video ya ukubwa wa juu. Filamu za Blu-ray, zilizoanza kuuzwa mwaka 2006, zilitumia H.264 na VC-1 pamoja na MPEG-2, na zilizipeleka prosesa za wakati huo kwenye kikomo chake.

NVIDIA ilikuwa imeshatangaza PureVideo pamoja na GeForce 6 mwaka 2004, na ATI ilifuata na Avivo mwaka 2005. Lakini mwaka 2007 ndio uliobadilisha mambo, kwa sababu ndipo saketi zilizochukua hatua zote za H.264, pamoja na ule usomaji wa biti, zilipofika kwenye kadi za watu wa kawaida. AMD, iliyokuwa imeinunua ATI, iliita saketi yake UVD. Jambo la kushangaza ni kwamba Radeon HD 2900 XT, iliyokuwa kadi kubwa na ghali ya kizazi hicho, haikuwa na UVD, wakati HD 2400 na HD 2600 za bei nafuu zilikuwa nayo. Kwa NVIDIA hali ilikuwa hivyohivyo: GeForce 8500 na 8600 zilipata saketi mpya ya video, lakini 8800 GTX iliyotoka mwishoni mwa 2006 ilibaki na ya zamani. Mnunuzi aliyelipa fedha nyingi zaidi alipata mchezo mzuri na Blu-ray nzito.

Hali hiyo imejirudia mara kadhaa. GeForce GTX 970 na 980 za mwaka 2014 zilisimbua HEVC kwa njia ya mseto, na GTX 960 ya bei ya chini, iliyotoka Januari 2015, ndiyo iliyokuja na saketi kamili. Mwaka 2020 AV1 iliingia katika maunzi kupitia prosesa za Intel za Tiger Lake, kadi za NVIDIA za RTX 30 na za AMD za Radeon RX 6000. Hata hivyo Radeon RX 6500 XT ya Januari 2022, ingawa ni ya familia hiyohiyo ya RX 6000, haisimbui AV1. Jina la familia au bei ya kadi, kwa hiyo, si kipimo cha uwezo wake wa video. Kipimo ni kizazi cha saketi ya video iliyomo ndani, na jambo hilo mara nyingi haliandikwi kwenye boksi.

Kwa upande wa kompyuta zisizo na kadi ya pekee, Intel iliweka saketi ya kusimba na kusimbua iitwayo Quick Sync katika prosesa za Sandy Bridge za mwaka 2011. Vizazi vyake vinafuata mpangilio ulio rahisi kukumbuka: Skylake ya mwaka 2015 ilileta HEVC ya biti 8, na Kaby Lake iliyoifuata ikaleta HEVC ya biti 10 pamoja na VP9 kamili.

Mipaka ya maunzi

Saketi ikishachorwa haibadilishiki. Sasisho la programu kiendeshi linaweza kurekebisha kasoro fulani, lakini haliwezi kuongeza saketi isiyokuwepo. Kompyuta mpakato ya mwaka 2013 yenye prosesa ya Haswell inasimbua H.264 bila kutoa jasho. VP9 haina saketi yake kamili humo. Mtumiaji akifungua YouTube, kivinjari kikaomba VP9, kazi yote huangukia prosesa kuu. Feni hupiga kelele na betri huisha mapema. Hili lina uzito pale ambapo kompyuta nyingi zinazonunuliwa ni zilizokwisha tumika nje ya nchi. Muuzaji hutaja ukubwa wa diski na wa kumbukumbu, ilhali swali la kodeki huulizwa na wachache.

Hata kodeki ikiwa inajulikana, si kila aina yake inakubalika. H.264 ina toleo la biti 10 kwa kila rangi ambalo kadi nyingi za michoro hazikuwahi kulisimbua. Toleo hilo lilipendwa sana na vikundi vya mashabiki waliokuwa wakisambaza katuni za Kijapani, na wafuasi wao walilazimika kutumia programu. Vilevile kamera nyingi za kitaalamu hurekodi rangi kwa mpangilio wa 4:2:2, wenye taarifa nyingi za rangi kuliko mpangilio wa 4:2:0 wa filamu na televisheni. Wahariri wa video wameshangaa mara nyingi kuona kadi ya bei kubwa ikikwama kwenye faili la kamera. Sababu ni hiyo: saketi yake haikujengewa mpangilio huo.

Mpaka mwingine ni wa njia, si wa saketi. Fremu zilizosimbuliwa na kadi ya michoro hukaa katika kumbukumbu ya kadi. Zikienda moja kwa moja kwenye skrini hakuna tatizo. Lakini programu ikitaka kuzifanyia kazi kwa prosesa kuu, mathalani kuzisafisha au kuzichambua, lazima zinakiliwe kurudi kwenye kumbukumbu kuu. Fremu moja ya 4K ya biti 10 ina takriban megabaiti 25. Kwa fremu 60 kwa sekunde hizo ni karibu gigabaiti 1.5 kila sekunde, na wakati mwingine gharama ya kuzibeba hula faida yote iliyopatikana.

Maunzi pia si mvumilivu kwa faili lililoharibika. Video iliyokatika wakati wa kupakuliwa inaweza kuifanya saketi itoe miraba ya kijani au isimame kabisa, huku programu nzuri ikiruka sehemu mbovu na kuendelea.

Pale programu inapotosha

Usimbuaji kwa programu si njia ya kizamani. Maktaba ya libavcodec ya mradi wa FFmpeg, ulioanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, hufungua kodeki nyingi ambazo hakuna kadi ya michoro inayozijua, zikiwemo za miaka ya 1990 ambazo kampuni zake zilishafungwa. Hifadhi za nyaraka na vituo vya televisheni vyenye mikanda iliyogeuzwa kuwa dijitali zamani hutegemea kazi ya namna hii.

Mfano mzuri zaidi ni dav1d, msimbuaji wa AV1 uliotolewa na mradi wa VideoLAN, wenye VLC, kuanzia mwaka 2018. Wakati huo hapakuwa na saketi za AV1 kwenye kompyuta za kawaida. Waandishi wake waliandika sehemu kubwa ya msimbo kwa lugha ya mashine ya kila aina ya prosesa, mstari kwa mstari, kazi ambayo waandaaji wengi wa programu siku hizi huikwepa. Matokeo yake ni kwamba AV1 ilianza kutumika mapema bila kusubiri maunzi. Mwaka 2024 Google ilianza kuisambaza dav1d kwenye simu za Android kupitia masasisho ya mfumo. Simu za bei ya chini zisizo na saketi ya AV1 zikaweza kucheza video hizo vizuri zaidi, ingawa gharama ya betri haikuondoka.

Kuna hata mahali ambapo maunzi yaliondolewa na programu ikarudi. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ilikuwa na saketi ya H.264 tangu toleo la kwanza la mwaka 2012. Katika Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023 saketi hiyo haipo, na iliyobaki ni ya HEVC. Prosesa kuu ya toleo hilo ina nguvu ya kutosha kusimbua H.264 yenyewe, na nafasi kwenye chipu ni mali. Uamuzi huo unaonyesha kwamba mpaka kati ya njia hizi mbili husogea: kodeki huzaliwa ikiwa ya programu, hupata saketi yake inapoenea, na ikizeeka prosesa kuu huwa imeshaikua.

Ubora wa picha

Dai kwamba maunzi hutoa picha mbaya kuliko programu, au kinyume chake, husikika mara nyingi. Kwa kodeki za kuanzia H.264 dai hilo halina msingi, kwa sababu kanuni za kodeki hueleza matokeo ya usimbuaji biti kwa biti. Msimbuaji anayetoa pikseli tofauti amekosea, awe ni saketi au programu. MPEG-2 iliruhusu tofauti ndogo katika mgeuzo wa kihesabu, zisizoonekana kwa jicho.

Tofauti anazoziona mtazamaji hutoka kwenye uchakataji wa baadaye. Viendeshi vya kadi za michoro huweza kuongeza ukali, kupunguza chembechembe au kubadili mng'ao wa rangi bila kuulizwa. Weusi unaoonekana wa kijivu, kwa mfano, mara nyingi ni kosa la kutafsiri upana wa viwango vya mwanga wakati rangi zinapogeuzwa.

Usimbaji, yaani kubana video, ni habari nyingine. Huko kanuni hazisemi jinsi ya kuchagua njia bora ya kubana, na programu iliyopewa muda wa kutosha kwa kawaida hutoa faili dogo zaidi kwa ubora uleule kuliko saketi ya kadi. Huenda dai lile lilianzia hapo, kisha likahamishiwa kwenye usimbuaji lisikohusika.

Leseni na ulinzi wa haki

Kuwepo kwa saketi hakumaanishi kwamba mtumiaji anaruhusiwa kuitumia. Kodeki kama H.264 na HEVC zimefungwa na hataza, kama MPEG-2 ilivyokuwa zamani, na mwenye kuuza kifaa au programu huweza kudaiwa ada. Raspberry Pi za awali zilikuwa na saketi ya MPEG-2 iliyofungwa kwa ufunguo. Aliyeihitaji alinunua ufunguo huo kwa pauni 2.40 za Uingereza. Microsoft huuza kiongezi cha HEVC cha Windows kwa dola 0.99. Mwaka 2022 Fedora, mfumo wa uendeshaji wa Linux, ilizima usimbuaji kwa maunzi wa H.264, HEVC na VC-1 katika viendeshi huria vya Mesa ilivyokuwa ikivisambaza, kwa sababu za kisheria. VP9 na AV1 zilibuniwa ili zitumike bila ada, na hilo ni moja ya sababu kampuni za intaneti zilizikumbatia hata kabla ya saketi kupatikana.

Filamu za kulipia zina kizuizi chao. Mfumo wa ulinzi wa Widevine wa Google una ngazi. Ngazi ya L1 hutaka video ifunguliwe na kusimbuliwa ndani ya sehemu ya maunzi ambayo programu za kawaida haziwezi kuichungulia. Simu yenye ngazi ya L3 tu, ambayo hutegemea programu, huonyeshwa filamu za Netflix kwa ubora wa chini hata kama skrini yake ni nzuri na bando ni la kutosha.

Daraja kati ya programu na kadi

Programu ya kucheza video haizungumzi na saketi moja kwa moja, bali hupitia kiolesura cha mfumo wa uendeshaji. Windows ina DXVA, ambayo toleo lake la pili lilikuja na Windows Vista. Kwenye Linux kuna VA-API iliyoanzishwa na Intel, na VDPAU iliyoletwa na NVIDIA mwaka 2008. Kompyuta na simu za Apple hutumia VideoToolbox, na Android ina MediaCodec tangu toleo la 4.1. Wingi huu ndio unaoeleza kwa nini kompyuta ileile inaweza kusimbua kwa maunzi ikiwa na Windows, kisha ikalemewa ikiwekewa Linux bila kiendeshi sahihi.

Programu nyingi hujaribu maunzi kwanza, na zikikataliwa hurudi kwa programu kimyakimya. Ukimya huo ni ukarimu wenye kasoro, kwani mtumiaji haambiwi kwamba amehamishwa kwenye njia ghali.

Kutambua njia inayotumika

Katika Windows 10 na 11, kidhibiti kazi huonyesha grafu ya kadi ya michoro yenye sehemu ya usimbuaji wa video. Video ikicheza na grafu hiyo ikabaki sifuri huku prosesa kuu ikipanda, usimbuaji unafanywa na programu. Kwenye Linux amri ya vainfo huorodhesha kodeki ambazo saketi inazikubali, na katika Chrome ukurasa wa chrome://gpu hutoa taarifa za aina hiyo.

YouTube yenyewe, mtumiaji akibofya video kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua takwimu za kina, hutaja kodeki: avc1 ni H.264, vp09 ni VP9 na av01 ni AV1. Huonyesha pia idadi ya fremu zilizorukwa. Namba hiyo ikiongezeka kila sekunde, kifaa kimezidiwa. Kwa kompyuta za zamani dawa ya kwanza ni kupunguza ukubwa wa video, na ya pili ni kiongezi cha kivinjari kama h264ify, ambacho huifanya YouTube itume H.264 badala ya VP9 au AV1. Video za ukubwa wa 4K hazipatikani kwa njia hiyo, na bando hutumika zaidi kidogo kwa ubora uleule, lakini saketi ya zamani hurudi kazini na feni hunyamaza.